Mtoto wa S2 hajui kupiga stori na watu, hii kitu inafundishwaje?

mama_kyengera:

Wana jukwaa habari zenu. Mtanisamehe hii itakuwa ndefu, jambo limenikaa kooni wiki nzima.

Nina wawili. Binti wa miaka 6 huyo ni redio, akiamka anaanza na paka, akimaliza paka anahamia kwa jirani, ikifika saa mbili asubuhi mtaa mzima hapa Kyengera, Uganda, unajua sisi jana tumekula nini. Kaka yake ana miaka 14, kamaliza S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, bodingi, yuko likizo, na huyo ndio kesi. Sio mtoto mbaya jamani, darasani anapasi, haibi, hapigani. Ila kuongea na watu hawezi kabisa.

Juzi tulienda Jinja kwa baba yangu, kulikuwa na akika ya mtoto wa dada yangu. Mzee ni mstaafu wa jeshi, nyumba yake ni Kiswahili tangu enzi za kambini, na sisi kwetu ni Kiswahili vilevile maana mume wangu ni mtu wa Kigoma. Sebule imejaa, mashangazi, wajomba, majirani, pilau inazunguka. Kijana akaingia akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kudai kodi, akamnyooshea babu yake mkono bila hata shikamoo, akakaa ukingoni mwa kochi. Mjomba akamuuliza, shule vipi? Poa. Mnasoma masomo gani siku hizi? Yote. Watu wakacheka, yeye akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati na hakukiinua tena mpaka tunaondoka. Baba akanifuata jikoni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto anaumwa?"

Banange nilitamani sakafu ipasuke. Wakati wa kurudi foleni ikatushika Lugazi, nikammwagia maneno kuanzia hapo mpaka Mukono, umenitia aibu, mdomo umepewa wa nini, hivi na vile. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Sasa nilitakiwa niseme nini?" Nikafungua mdomo nimjibu nikakuta sina jibu. Kweli, alitakiwa aseme nini?

Kumnyang'anya simu nimejaribu, akakaa kimya bila simu badala ya kukaa kimya na simu. Nimeangalia na zile video za wazungu, wanasema mfundishe kumtazama mtu machoni, sasa nimtume mtoto akamkodolee macho shangazi wa mume wangu si nitafukuzwa kwenye ukoo. Wenye watoto wakubwa na walimu nisaidieni. Hii kitu inafundishwa au mtu anazaliwa nayo?

ssalongo_67:

Nyabo unajipa kazi bure. Sisi nani alitufundisha kuongea? Ukishindwa kusalimia wageni fimbo ilikuwa inaongea kwa niaba yako. Watoto wa siku hizi mnawabeba kama mayai. Mpe viboko vitatu vya akili likizo hii, Idd ijayo atasalimia mpaka kuku.

mama_kyengera:

Ssalongo asante ila huyu akipigwa ndio anafunga kabisa. Nimeshajaribu na sijivunii.

mwalimu_wa_mbale:

Mama, mimi nafundisha Kiswahili sekondari huku Mbale mwaka wa kumi na moja sasa, na huyo mtoto wako ninaye, ninao kama yeye saba au nane kwenye kila darasa. Inafundishwa. Ni kama kuogelea, kuna waliozaliwa kando ya ziwa wakajua wenyewe na kuna ambao lazima umshike kiuno kwanza.

Swali lake la kwenye gari usilipite hivihivi, maana ndio somo lenyewe hilo. Mdomo anao, hana pa kuanzia. Sisi watu wazima tumesahau kwamba salamu zetu ni ngazi, mtu hasemi habari akanyamaza, kuna za nyumbani, za watoto, za safari, huko kwenu mvua imenyesha, kila kipago kinakupeleka kwenye kingine mpaka unajikuta uko ndani ya stori bila kujua uliingiaje. Waganda ndio kabisa, wasuze otya, gyebaleko, na zile mmm zao za kupokezana, mtu hana la kusema lakini salamu peke yake imeshakula dakika tatu. Mtoto wa bodingi anaishi na watoto wenzake karibu miezi tisa ya mwaka, hiyo ngazi ataipandia wapi? Halafu piga hesabu, kama leo ana 14, mwaka 2020 alikuwa wa miaka 8 au 9. Shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kabisa Januari 2022, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kama yetu. Huo ndio umri mtoto anajifunza kugombana na kupatana, kununua kabalagala kwa deni, kumdanganya mwenzake akashikwa na kuona haya. Wengi waliupitia ndani ya geti. Sisemi ndio sababu ya wako, ila mimi darasani naiona.

Ninachofanya ni hiki. Naokota kijiwe, cha kawaida tu cha njiani. Wanakaa wawiliwawili, asiye na kijiwe anasema jambo moja, mwenye kijiwe lazima aulize kitu kinachotoka kwenye hilo jambo ndio akipitishe. Akiuliza swali la ndio au hapana kijiwe kinabaki kwake. Akirukia habari zake mwenyewe kinabaki kwake. Wiki ya kwanza ni vichekesho, sikia hawa na rolex yao, ile chapati ya kuviringishia mayai.

"Jana nilikula rolex pale getini."
"Mimi nina kaka Soroti."

Darasa linavunjika mbavu, kijiwe hakitoki. Yule mtoto anakigeuza mkononi, anafikiri, mnaona kabisa kichwa kinafanya kazi. "Rolex ya... ya yule anayeweka kabichi au yule mwingine?" Mwenzake anaruka, hapana yule wa kabichi ni mwizi, chapati yake unaweza kusoma gazeti kupitia humo! Tayari, stori imewaka, kijiwe wamekisahau chini. Na ndivyo ilivyo, unamfundisha kushika mkia wa alichosema mwenzake, basi. Watoto wengi wanaoitwa wana aibu wanadhani kuongea ni kuwa na vitu vingi vya kusema, hawajui nusu yake ni kuuliza.

Kuhusu macho uko sahihi kabisa, hizo video zimetengenezewa watoto wa kwao. Huku kwetu mtoto anayemkazia mzee macho ni mkaidi, binti wa Kiganda anapiga magoti anaangalia chini na hakuna anayesema hajiamini. Lakini huyohuyo miaka kumi baadaye anaenda intavyuu Kampala anaambiwa hajiamini! Kwa hiyo mimi nafundisha njia zote mbili waziwazi, kama kubadilisha viatu. Kwa mzee macho yatue kwenye mikono yake, kichwa kiwe kinaitikia, sauti itoke hata kama ni ee na mmh. Kwa rika lako au ofisini, macho kwa macho kidogo halafu unayapumzisha. Babu hakuudhiwa na macho mama, aliogopeshwa na kimya kisicho na hata mmh.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza 2020, umeweka mawasiliano kwenye stadi za kufundishwa ndani ya kila somo, kazi za vikundi, miradi, na watoto wa kwanza waliusomea mpaka wakafanya UCE yake, mtihani wa mwisho wa S4, 2024. Kwenye karatasi safi. Kwenye darasa la watoto 90 kikundi kina watoto tisa, mmoja anaongea wanane wanamwangalia. Kwa hiyo usisubiri shule.

dereva_arua:

Mimi ni mtu wa lori Arua Kampala na kuandika sio fani yangu, mtavumilia.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa hivyohivyo, miaka 15, nyumbani anatoa neno moja kwa siku na lenyewe ni nimeshiba. Likizo moja taniboi wangu, yaani utingo, akaugua nikamchukua kijana. Arua mpaka Nebbi kimya. Daraja la Pakwach kimya, hata mto hakuutazama. Na mimi nikanyamaza, sio kwa akili yoyote, nilikuwa nimechoka tu. Tumefika Karuma nyani wamejaa barabarani kama kawaida yao, mmoja akaruka kwenye pikapu iliyokuwa mbele yetu akanyofoa ndizi kwenye mkungu, dereva anapiga honi, nyani anamtazama anamenya. Anamenya taratibu kabisa. Kijana akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akasema, anafanana na patroni wa bweni letu.

Sasa hapo ndio namshukuru Mungu, maana mdomo wangu ulikuwa tayari kusema heshimu wakubwa. Nikajizuia nikauliza, anafananaje? Ndugu zangu aliongea kuanzia hapo, Bweyale anaongea, Kigumba anaongea, Kafu tumesimama kunywa chai anaongea na chai mdomoni, Luweero bado. Nikajua nani anamwibia sukari, nikajua mwalimu gani anampenda, nikajua hesabu zilimshinda tangu P5, darasa la tano, na alikuwa anakopi. Nilimlipia ada miaka yote hiyo na nilikuwa simjui.

Nimekuja kufikiria baadaye, macho yetu yote yalikuwa barabarani. Ukimkalisha kijana kwenye kochi mkatazamana anahisi anaandikiwa stetimenti polisi. Mama huna lori lakini matoke unamenya, maharage unachambua, nguo unafua. Mpe upande wake wa kazi, nyamaza, na akitoa neno la kwanza lisilokupendeza usilirekebishe. Hilo neno la kwanza ni la kupima kina cha maji.

mtoto_wa_busia:

Nina miaka 19 nimemaliza S6 na huyo mtoto ni mimi kabisa, kwa hiyo niongee upande wetu.

Kwanza mnasahau habari ya lugha. Praimari kwetu ukiongea lugha ya nyumbani ulikuwa unavishwa gunia, kuna shule nyingine ni mfupa unaning'inizwa shingoni, unakaa nao mpaka umsikie mwenzako amekosea umhamishie. Unajua tulijifunza nini? Sio Kiingereza, kunyamaza. Halafu likizo narudi nyumbani, Kiswahili changu kimebaki cha mtoto wa miaka saba, najua kuomba chai na kusema nimemaliza, sijui kusema kitu cha maana cha mtu wa miaka 14. Nikijibu Kiingereza mjomba anasema naringa. Nikijibu Kiluganda cha stendi babu anasema ni cha wahuni. Sasa hapo unachagua nini? Mimi nilichagua poa. Poa inaeleweka lugha zote.

Lingine ni ile ya mama anasema mbele ya wageni mzoeeni tu huyu ana aibu. Ukishasemwa hivyo imekwisha, ukiongea watu watashangaa ona leo kaongea, wote wanageuka wanakuangalia. Bora nibaki na aibu yangu.

Kilichonitoa ni shangazi yangu anayeuza viatu vya mitumba hapa Busia. Hakunihubiria. Alinipa sentensi tatu za kusema kwa kila mteja. Karibu mama unatafuta cha nani. Anavaa namba ngapi. Jaribu, kujaribu hakulipiwi. Siku ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo mpaka mteja mmoja akadhani naongea na viatu. Lakini unajua raha ya kuwa na sentensi tayari, hofu inapungua maana haufikirii niseme nini, unafikiria nani anakuja. Siku ya tatu au ya nne mama mmoja alivuka kutoka upande wa Kenya, nikamuuliza namba akanieleza mwanawe ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Nikajikuta namuuliza, kwa hiyo huwa unanunua pea mbili? Akasema ndio, na vile vinavyobaki anampa binamu yake ambaye miguu yake ni kinyume. Tulicheka mpaka shangazi akaja kuuliza kuna nini. Hilo swali hakuna aliyenipa, lilitoka lenyewe.

Mwalimu akisema mkia wa alichosema mwenzako namuelewa sana.

mama_kyengera:

Mtoto wa Busia umeniliza hapa dukani wateja wananiangalia. Kuna kitu sikuandika kwenye posti ya kwanza. Pale sebuleni Jinja kabla hajafungua mdomo mimi ndiye niliyesema mzoeeni tu huyu ana aibu. Nilidhani namsaidia.

adyeri_fp:

Kutoka Fort Portal naongeza kadogo. Huku kwetu Tooro, na Bunyoro pia, mtoto anapewa empaako, jina la heshima na mapenzi, akiwa mchanga, ziko 12, Abwooli, Amooti, Akiiki, Atwooki na kadhalika, Okaali ndiyo imetengwa kwa mfalme. Salamu haianzi mpaka mmeulizana empaako. Yaani mtoto mwenye aibu kuliko wote ana swali la kuanzia limeshawekwa mdomoni na babu wa babu yake, anauliza, anajibiwa, anaitwa kwa jina la mapenzi, barafu imeyeyuka. UNESCO waliiandika 2013 kwenye orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka maana vijana wanaiacha, na mimi nikiona kijana wa mjini anasema "oya" kwa bibi yangu nakubaliana nao. Sio kila mtu awe Mtooro hehe, ila tafuteni kwenye ukoo wenu kuna salamu gani ya namna hiyo mumpe mtoto.

nesi_nakivale:

Nimesoma yote, mazuri, lakini niweke breki kidogo kwa wazazi wengine watakaopita hapa, maana sio kila kimya ni aibu.

Nafanya kazi na vijana kwenye kambi ya wakimbizi Nakivale, wengi wametoka Congo na Kiswahili ndio lugha yetu ya kliniki. Nilishaletewa mtoto anaambiwa mkaidi, hajibu watu, kumbe sikio moja halisikii na la pili nusu, miaka yote anasoma midomo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni masikio. Angalia je, anaongeza sauti ya redio, anajibu vibaya ukimwita akiwa amekupa mgongo, aliwahi kutoka usaha sikioni. Hospitali ya Mulago, Kampala, wana kitengo cha masikio, pua na koo, na hospitali nyingi za rufaa mikoani zina mtu wa masikio.

Halafu angalia hili, anaongea vizuri na nani? Kama na dada yake anapiga stori na kucheka ila wageni tu ndio shida, mara nyingi ni aibu au mazoea, na haya mnayosema yatasaidia. Kama kuna sehemu fulani neno halitoki kabisa, mathalani nyumbani anaongea kama kawaida lakini shuleni hajawahi kusikika sauti yake miezi na miezi, hiyo sio ukaidi, ni wasiwasi mkubwa na kumlazimisha mbele za watu kunaongeza. Kama tangu mdogo hata na nyie wa nyumbani kupokezana maneno kunamshinda, utani anauchukua kama ulivyo, ana kitu kimoja tu anachokiongelea siku nzima, kelele na kuguswa vinamtesa, muulize daktari kuhusu usonji (autism). Huyo naye anafundishika tena vizuri, ila unamwandikia wazi kile ambacho wengine wanakidaka hewani. Mgeni akiingia fanya hivi, akimaliza kujibu wewe uliza hivi, hata kwa michoro. Mwenye kigugumizi mpe muda amalize, usimmalizie neno. Mnawamalizia sana jamani, mnadhani ni huruma.

Na kama alikuwa anaongea halafu akabadilika ghafla ndani ya muhula mmoja, hapo usicheze vijiwe. Uliza kwa upole bwenini kuna nini, nani anamwonea, kuna mtu mzima yeyote amemgusa. Kuna laini ya watoto ya bure, Sauti 116, anapiga mtoto mwenyewe au wewe mzazi.

ssalongo_67:

Huyo wa masikio amenigusa. Nilikuwa na kaka tulimpiga sana sababu haitiki. Basi tu.

dereva_arua:

Pole ssebo.

mama_kyengera:

Nimerudi, wiki tatu sasa, niliahidi inbox za watu kwamba nitaleta majibu.

Masikio tulipima, mazima. Na dada yake anaongea tena sana, nikikaa nyuma ya mlango nawasikia wanagombana kama wabunge, kwa hiyo nesi nimetulia kidogo.

Mchezo wa kijiwe ulikufa siku ya kwanza. Binti alishika kijiwe akakataa kukitoa, akaongea robo saa nzima peke yake, kaka yake akaniangalia akasema mama hii gemu ina kasoro. Nikacheka, naye akacheka, tukaiacha. Siku mbili baadaye tunamenya matoke nyuma ya nyumba, nimenyamaza kama dereva alivyosema (jamani kunyamaza ni kazi, nilijing'ata ulimi mara nne), akaniuliza mwenyewe, "Mama, wewe ukikutana na mtu humjui unaanzaje?" Nikamwambia ukweli, naangalia amebeba nini au amevaa nini nauliza kuhusu hicho. Akasema aah, kwa hiyo hata nyie mna fomula. Kumbe alikuwa anadhani sisi wakubwa yanatujia tu.

Nikampa na ruhusa ya kuchanganya lugha nyumbani, akikwama Kiswahili aweke Kiluganda au Kiingereza asonge mbele. Baba yake alinuna siku moja, wiki iliyofuata na yeye anachanganya.

Jumapili tumeenda Jinja. Nyumbani tulikuwa tumepanga vitu viwili tu, shikamoo babu, halafu swali moja kuhusu kitu chochote atakachokiona. Mimi nikaapa sitasema neno ana aibu hata wakinikamua. Akaingia, shikamoo ikatoka nusu, "koo babu", mzee akaitika marahaba kana kwamba kasikia yote. Kimya. Mimi jikoni moyo unadunda. Mezani kulikuwa na ubao wa omweso, yaani bao la kete la Kiganda, wa mzee, ule mkubwa wa mbao uliochakaa, mashimo 32 kete 64. Nikasikia kete zinachezewa, halafu sauti ya mwanangu, "Babu, hili shimo mbona limechimbika kuliko mengine?"

Banange. Mzee hajaulizwa swali kama hilo miaka. Akaanza na aliyechonga ubao, akaenda kambini, akaenda kwa sajenti aliyekuwa anaiba kete anazificha mdomoni, sajenti akazimeza mbili, wakamsubiri... sitaandika hapa walivyozisubiri. Mwanangu nasikia mmh, mmh, halafu, "Na zilirudi kwenye mchezo?" Nyumba nzima ikalipuka.

Mjomba wake naye akaja na lile swali lake, shule vipi? Poa. Hiyo bado ni poa, sitadanganya. Wageni watatu walioingia baadaye aliwapa mkono tu akarudi kwenye omweso.

Njiani, palepale Lugazi kwenye foleni, nikauliza babu alikuwa anasemaje muda wote ule. Akaegemeza kichwa dirishani akasema, "Babu ni mzuri ila anaongea sana. Nilikuwa na maswali mengine mawili hakunipa nafasi."

Anataka kurudi Jumapili ijayo ayamalizie.